Istilahi za Vifungio vya Gurudumu: Bolti za Titani na Kazi ya Mfasiri

Katika makala haya tumekusudia kuzungumzia istilahi za kitu kidogo sana, nacho ni kile kinacholifunga gurudumu la gari mahali pake. Tumechagua aina moja tu ya vitu hivyo, yaani bolti nyepesi za titani zinazotengenezwa kwa ajili ya magari ya spoti ya Ulaya. Hatukuzichagua kwa kuwa magari hayo ni mengi katika barabara zetu. Tumezichagua kwa kuwa karatasi ya maelezo inayotiwa katika kasha la bolti hizo, ambayo aghalabu haizidi ukurasa mmoja, imebeba karibu matatizo yote yanayomkabili mfasiri wa mambo ya ufundi. Wala matatizo hayo si ya mapambo ya lugha. Mwalimu akikosea istilahi ya ushairi, mwanafunzi hupoteza alama. Mfasiri akikosea maelezo ya kukaza bolti, gari hupoteza gurudumu likiwa njiani.

Tuanze na jina la jumla. Lugha za viwanda zina neno moja linalojumuisha kila kitu kinachounganisha vipande viwili kwa namna ambayo vyaweza kutenganishwa tena: bolti, nati, skrubu, pini na jamaa zake. Kwa Kiswahili tunapendekeza kifungio, wingi vifungio. Neno hili limeundwa kwa kanuni ya kawaida ya lugha yetu, na msomaji hulifahamu bila ya kuelezwa. Gereji, hata hivyo, hazina haja kubwa ya jina la jumla. Fundi husema “kaza nati za tairi” na msaidizi wake huelewa, ingawa kinachofungwa si tairi bali ni rimu, na huenda pasiwe na nati hata moja.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko fundi, maana fundi anakiona kitu mbele yake na msomaji hakioni. Katika magari mengi ya Kijapani, kama vile Toyota na Nissan, vyuma vyenye hesi hupandikizwa katika habu, yaani ile sehemu ya kati ambayo gurudumu huegemezwa juu yake. Rimu huvishwa kwenye vyuma hivyo, kisha nati hukazwa kutoka nje. Katika magari mengi ya Kijerumani, kama Volkswagen na BMW, habu ina matundu yenye hesi, na rimu hufungwa kwa bolti zenye vichwa zinazopenya kutoka nje hadi ndani. Huko hamna nati kabisa. Gari la Porsche 911 ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa kuwa lenyewe limepita njia zote mbili. Matoleo yake ya kale yalifungwa kwa nati, na toleo lililoanza mwaka 1997 likafungwa kwa bolti. Baadaye baadhi ya matoleo yake ya kasi zaidi yakafungwa kwa nati moja kubwa ya katikati kwa kila gurudumu. Mfasiri anayeandika “nati” kwa gari lolote lenye jina hilo atamfanya mwenye gari aagize kitu kisichoingia.

Nati na bolti ni maneno yaliyokwisha kukaa katika Kiswahili, na hatuoni sababu ya kuyasumbua. Yana hata faida moja ambayo Kiingereza hakina. Neno la Kiingereza lililotupatia bolti laweza kuwa pia komeo la mlango au jora la nguo, na lile lililotupatia nati laweza kuwa njugu. Kwetu kila kitu kina jina lake. Tatizo ni kile chuma kilichopandikizwa katika habu. Mafundi wengi hukiita stadi, na neno hilo linagongana na sifa ya siku nyingi, kwani twasema “fundi stadi”. Katika mazungumzo mgongano huu hauleti madhara, lakini katika maandishi ya kufundishia ni bora kuandika “bolti pandikizi”, na stadi itajwe mara moja tu ili mwanafunzi aitambue atakapoisikia gereji.

Ama hesi, neno hili tunawasihi wafasiri wasiliache lipotee. Watu wa pwani wamekuwa wakisema “msumari wa hesi” kwa maana ya skrubu, na hesi ndiyo ile mifereji inayojizungusha kwenye mwili wa chuma. Maandishi kama M14×1.5 yaliyochapwa kwenye kasha husomwa hivi: kipenyo cha bolti ni milimita 14, na nafasi kati ya hesi moja na ile inayofuata ni milimita 1.5. Alama hiyo haitafsiriwi wala haibadilishwi. Hunakiliwa kama ilivyo.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana ndicho kinachotuonyesha jinsi istilahi inavyoweza kuficha au kufichua kazi ya kitu. Watu wengi hudhani kuwa gurudumu limetundikwa juu ya bolti kama koti kwenye msumari, na kuwa bolti ndizo zinazobeba uzito wa gari. Sivyo. Bolti inapokazwa hurefuka kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, na kwa kuwa inataka kurejea urefu wake wa awali, huivuta rimu na kuibana kwenye habu. Msuguano baina ya nyuso hizo mbili zilizobanwa ndio unaozuia rimu isiteleze gari linapoondoka, linapofunga breki au linapokata kona. Basi kazi ya bolti ni kubana. Tunahitaji vitenzi vitatu, na kila kimoja kikae mahali pake: kufunga ni kazi nzima ya kuliweka gurudumu, kukaza ni kitendo cha mkono na spana, kubana ni matokeo yake. Mfasiri anayevichanganya hupoteza tofauti ambayo karatasi ile imeandikwa kwa ajili yake.

Tofauti hiyo huonekana wazi tunapofikia namba. Karatasi huagiza kwamba bolti ikazwe hadi kiasi fulani cha nyutoni mita, mathalani 130 kwa Porsche 911 ya toleo lile la 1997. Tafsiri ya haraka huwa “kaza kwa nguvu ya 130”, na msomaji hudhani kuwa 130 ndiyo nguvu inayolibana gurudumu. Namba hiyo inapima juhudi ya kuzungusha tu, ambayo sehemu yake kubwa, karibu tisa ya kumi kwa kawaida, humezwa na msuguano wa hesi na wa chini ya kichwa cha bolti. Kiasi cha moja ya kumi ndicho kinachobaki kuirefusha bolti. Kwa hiyo kukiwa na mafuta kwenye hesi, torki ileile huzaa kani kubwa zaidi ya kubana. Na kukiwa na kutu, kani hupungua ingawa spana imeonyesha namba sahihi. Anayeona vitu hivi viwili kuwa kimoja hawezi kufahamu kwa nini karatasi inamkataza kupaka mafuta asiyoambiwa apake.

Kwa namba ile tunapendekeza torki, na kwa matokeo yake kani ya kubana. Wako watakaouliza kwa nini tusitumie msokoto, neno letu wenyewe. Tumelifikiria. Msokoto una maana ya kitu kilichosokotwa, ni maumivu ya tumbo, na vijana wa mijini wanalo kwa maana nyingine ambayo hatungependa ifike kwenye maelezo ya gari. Neno la asili likishikwa na kazi nyingi mno, la kukopa hufaa zaidi. Kani, kinyume chake, walimu wa fizikia wamekwisha kulizoea, na lazima litengwe na nguvu, ambayo katika maneno ya kila siku hubeba mambo mengi kwa pamoja.

Kichwa cha bolti nacho kina jambo lake. Mahali ambapo kichwa hukutana na rimu pana umbo maalumu, na umbo la bolti sharti liwiane na la rimu. Mengine ni ya mwinamo ulionyooka, kama yale ya BMW. Mengine yameviringwa kama kipande cha mpira, ndiyo ya Porsche na Volkswagen. Hapa Kiswahili kimejitosheleza. Somo la hisabati limekwisha kutupa pia na tufe, kwa hiyo twaweza kusema kikalio cha pia na kikalio cha tufe, na mwanafunzi wa sekondari ataona umbo kabla ya kuonyeshwa picha. Bolti ya pia ikitiwa katika rimu ya tufe hugusa kwenye ukingo mwembamba tu. Itaonekana imekazika, kisha italegea.

Sasa tugeukie metali yenyewe. Ilitambuliwa mwaka 1791 na William Gregor katika mchanga mweusi wa Cornwall, Uingereza. Mwaka 1795 Martin Heinrich Klaproth wa Berlin akaipa jina la Watitani, majitu ya hadithi za Wayunani wa kale. Kuitoa katika mawe yake ilikuwa kazi ngumu hadi William Kroll wa Luxembourg alipobuni, katika miaka ya 1930, njia ambayo ndiyo msingi wa viwanda hata leo. Kwanza ikaingia katika ndege, na magari yakafuata. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika titaniamu na wapo wanaoandika titani, kama ilivyo kwa aluminiamu na alumini, uraniamu na urani. Tunachagua titani, kwa ufupi wake. Herufi kubwa itatosha kuitenga na mwezi wa sayari ya Zohali unaoitwa Titani.

Pwani yetu nayo ina uhusiano na neno hili. Katika kaunti ya Kwale, Kenya, mchanga mzito wenye madini ya titani ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, ukasafirishwa ng'ambo kwa meli kutoka Likoni. Magazeti yalizoea kuandika “madini ya titanium”, na wasomaji wengi wakafahamu kwamba ni metali ya ndege inayochimbwa. Kwa kweli sehemu kubwa sana ya madini ya titani duniani hugeuzwa kuwa unga mweupe wa kutia rangi katika rangi za nyumba, karatasi na dawa ya meno. Kinachofikia kuwa metali ni kidogo. Hivyo “madini ya titani” na “titani” si kitu kimoja, na mwandishi wa taarifa za serikali hana budi kuvitenga.

Kosa kubwa zaidi lakini ni “chuma cha titani”. Katika usemi wa kawaida chuma ni kila kitu kigumu kinachong'aa na kulia kikigongwa. Sisi wenyewe tumelitumia hivyo hapo juu tulipotaja vyuma vya habu. Katika maandishi rasmi chuma ni metali moja tu, na titani ni nyingine. Afisa wa forodha hulifahamu jambo hili kuliko sisi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, bolti na nati za chuma na feleji zimo chini ya namba 7318, ilhali titani na vitu vilivyotengenezwa kwayo vimo chini ya 8108. Hati iliyoandikwa “bolti za chuma cha titani” haimwambii afisa aende wapi.

Basi titani ina sifa gani hata watu wakubali kuilipia? Jibu la kawaida ni kwamba ni “nyepesi na ngumu kama chuma”, na jibu hili ndilo linaloonyesha umaskini wa tafsiri zetu, kwa kuwa neno ugumu limetwishwa mzigo wa sifa zaidi ya moja. Kuna uimara, yaani kiasi cha kani ambacho kitu huhimili kabla ya kukatika. Kuna ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kupinda au kurefuka kikiwa bado kizima. Na kuna ugumu wenyewe, yaani jinsi uso wa kitu unavyokataa kukwaruzwa na kutobolewa. Kwa uimara, aloi nzuri ya titani yasimama karibu na feleji ya bolti. Kwa ukakamavu, ni zaidi kidogo tu ya nusu ya feleji. Maana yake ni kwamba bolti ya titani, ikivutwa kwa kani ileile, hurefuka karibu mara mbili ya bolti ya feleji iliyo sawa nayo kwa umbo. Mfasiri asiye na neno ukakamavu ataandika kwamba titani ni laini, na mwenye gari ataogopa bure. Kurefuka huko si kasoro katika kazi hii. Bolti iliyorefuka zaidi ni kama springi iliyovutwa zaidi: kikalio kikididimia kidogo baada ya safari za mwanzo, kani ya kubana inayopotea huwa ndogo zaidi.

Tumesema aloi nzuri, na sharti neno aloi lisiachwe, hata kama lugha ya biashara imeliacha. Titani tupu ya aina iitwayo namba 2 huhakikishiwa uimara wa nyutoni 345 kwa milimita mraba. Aloi iitwayo namba 5, yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, huhakikishiwa 895. Zote mbili ni titani katika kinywa cha muuzaji, na zote mbili zina rangi ileile. Kulifunga gurudumu kwa bolti ya aina ya kwanza ni kuhatarisha roho za watu.

Na hapo pana mtego mwingine, ambao katika karatasi nzima ndio uliotusumbua zaidi. Bolti za feleji huandikwa kichwani namba kama 10.9. Hiyo si desimali ya kawaida. Tarakimu 10 zikizidishwa kwa 100 hutoa uimara, yaani nyutoni 1,000 kwa milimita mraba. 9 inayofuata husema kwamba bolti itaanza kurefuka moja kwa moja, bila ya kurejea, ikifikia tisa ya kumi ya kiasi hicho. Namba 5 ya titani haina hesabu yoyote ndani yake. Ni jina tu la mchanganyiko, kama namba ya nyumba. Wafasiri wengi wangeyaita yote mawili daraja, na msomaji mwenye akili timamu atalinganisha daraja la 5 na daraja la 10.9, aone kuwa titani ni nusu ya feleji. Tunapendekeza kwa hiyo “daraja la uimara 10.9” kwa feleji, na “aloi namba 5” kwa titani, na neno daraja lisitumike kwa titani kabisa.

Kuhusu wepesi, onyo letu ni fupi. Maneno nyepesi na hafifu yote hupatikana katika kamusi mkabala wa neno lilelile la Kiingereza, lakini kitu hafifu kwetu ni kitu duni. “Bolti hafifu za titani” ni tangazo la kuwafukuza wanunuzi. Faida yenyewe ya wepesi yafaa ielezwe kwa hesabu. Bolti ambayo ingekuwa na gramu 100 kwa feleji huwa na gramu 56 hivi kwa aloi ya titani. Gari lenye bolti ishirini litapungukiwa na gramu 880 hivi. Watengenezaji hupenda kusema kwamba uzito huo una thamani zaidi kwa kuwa ni “uzito usiobebwa na springi”, na istilahi hiyo tumeipenda, maana inajieleza: ni uzito wa vile vitu vilivyo upande wa barabara wa springi, ambavyo hurukaruka pamoja na tairi. Lakini bolti hukaa karibu na kitovu cha gurudumu, mahali ambapo uzito huathiri mzunguko kidogo kuliko ukingoni. Kwa maoni yetu faida ni ya kweli na ni ndogo. McLaren walipotoa gari lao la 765LT mwaka 2020 waliweka bolti za titani pamoja na rimu nyepesi na mambo mengine mengi ya kupunguza uzito. Ndani ya mkusanyiko kama huo zinaeleweka.

Jina la gari lenyewe limewashinda wengi. “Gari la michezo” husikika kama basi la kuwabebea wachezaji wa mpira. “Gari la mashindano” ni jingine, lisiloruhusiwa barabarani. “Gari la mwendokasi” lingetufaa, lakini tangu 2016 wakazi wa Dar es Salaam wamelipa neno hilo kazi ya mabasi, na hawatalirudisha. Tumebaki na gari la spoti, nasi tunaridhika nalo.

Limebaki neno moja. Titani ina tabia mbaya: inaposuguana na metali nyingine, au na titani mwenzake, chini ya mbano mkubwa, nyuso zake hushikana na kung'oana vipande, hata bolti hukwama katikati ya hesi, isikazike wala isifunguke. Ndiyo sababu watengenezaji huzipaka bolti hizi utando maalumu, au huagiza grisi ya aina fulani, na hutoa namba ya torki inayolingana na utando au grisi hiyo, wala si nyingine. Wapo wanaotafsiri tabia hii kuwa kuganda, lakini damu huganda na mafuta huganda pasipo mwendo wala madhara ya aina hii. Na wapo wanaosema kukwama, ambayo ni mwisho wa jambo, si jambo lenyewe. Mafundi husema “hesi zimeliwa”. Tumelichukua neno la mafundi na kulitia kiambishi cha kutendana, likawa kulana: hesi za bolti na hesi za habu zimelana. Katika karatasi ya maelezo sentensi itasomeka hivi: “Usikaze bolti hizi zikiwa kavu iwapo utando wake umechubuka, kwani hesi zitalana.” Walimu wa shule za ufundi wenye neno jingine linalotumika katika karakana zao watuandikie, pamoja na mfano wa sentensi na jina la mahali linapotumika.